Mtaa Ulionyamaza Ili Wivine Afanye Mtihani

Saa moja na nusu asubuhi, na jua la Lubumbashi tayari limeanza kuuma. Pembezoni mwa mtaa wa Golf, nyuma ya ukuta ambao haujapigwa lipu, mafundi kumi na wanne wamesimama kuzunguka rundo la mchanga. Hakuna aliyeshika koleo. Wanamsubiri mwanamke mmoja mfupi, mwenye kofia ngumu ya njano, amalize kufunga kamba za viatu vyake.

Anainuka, anajipangusa vumbi jekundu magotini, anawatazama mmoja mmoja.

"Bon. Mubaya kwanza," anasema. "Nani iko na habari mubaya?"

Wanatazamana. Kisha fundi wa vyuma anajikohoza na kukiri kwamba nondo zilizoletwa jana ni nyembamba kuliko zilizoagizwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezipokea bila kuzipima. Mwanamke hafoki. Anamuuliza zimebaki ngapi ambazo hazijakatwa, anampigia simu muuzaji palepale, anakubaliana naye azibadilishe kabla ya saa sita.

"Aksanti ya kusema," anamwambia fundi. "Sasa bo bengine. Nani iko na muzuri?"

Hapo ndipo kicheko kinapoanza, na makoleo yanainuliwa.

Huyu ndiye Wivine Mbuyi, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, msimamizi wa ujenzi katika kampuni ndogo ya hapa mjini inayochimba visima na kujenga madarasa na zahanati. Jengo hili la Golf litakuwa wodi ya kina mama wanaojifungua. Tangu Septemba iliyopita, Wivine pia ana cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, kitu ambacho katika kampuni yake hakuna mwingine anacho.

Namna alivyokipata inachekesha, na mahali pengine inatoa machozi. Mwenyewe akiisimulia hucheka kwanza, kisha hujipangusa macho, kisha hucheka tena.

Wivine alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, katika familia iliyotoka Kasai zamani za reli. Alisomea ujenzi kwenye shule ya ufundi, akaanza kazi kama mtunza stoo wa saruji, akapanda taratibu hadi kuwa msimamizi. Mshahara wake ni dola mia nne na hamsini kwa mwezi. Mumewe, André, anafundisha kemia katika shule ya sekondari, na mshahara wake huja unapotaka wenyewe. Wanaishi mtaa wa Bel-Air, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye geti la chuma ambalo halijawahi kufungwa mchana.

Miaka yote hiyo, kuna jambo moja lililomkera. Alikuwa akihamishwa. Anaanza jengo hili, linafika kwenye linta, anapelekwa jengo lingine lililokwama. Anapaua hapa, anaitwa kule, na funguo zinakabidhiwa na mwingine.

"Sijapanaka mufunguo hata siku moja," anasema. "Naona jengo tangu iko mushimo, naijua kama mutoto yangu. Siku ya kuipana ku benyewe, mi niko pengine, nanunua muchanga."

Mwanzoni mwa mwaka jana, mkurugenzi wa kampuni, Madame Joëlle, aliwaita wasimamizi wote na kuwapa habari. Kulikuwa na mradi mkubwa unakuja kule Kasenga, kwenye mto Luapula: soko la samaki lenye vyumba vya baridi, tangu msingi hadi siku ya kukabidhi. Atakayeuongoza ataishi nao mwanzo hadi mwisho. Lakini wafadhili waliweka sharti: lazima kiongozi huyo awe na cheti kinachotambulika cha usimamizi wa miradi.

"Kama hapa hakuna, nitaita muntu wa Kinshasa," alisema Madame Joëlle. "Majina inaenda mwisho wa Septemba."

Wenzake Wivine walitoka chumbani wakipiga soga nyingine. Yeye alitoka akihesabu miezi iliyobaki. Jioni ile alimweleza André. Baada ya André, hakumweleza mtu yeyote.

Na hapa msomaji wa Lubumbashi hahitaji maelezo. Huku kwetu mtu akiwa na safari, majirani watajua akisharudi. Akijenga, ndugu wataalikwa siku ya kuhamia. Jambo jema linafunikwa mpaka limeshika, maana macho ya watu ni mengi na midomo yao haina likizo.

"Unajua vile tuko," anasema Wivine. "Uko na mimba, hauseme. Uko na visa, hauseme. Uko na examen, njo kabisa hauseme! Utasema siku iko ku mukono."

Kwa hiyo akasoma kwa kificho kwa muda wa miezi sita. Kitabu chake kinene cha Kifaransa alikivika gazeti, na aliyeuliza aliambiwa ni cha shule cha binti yake mkubwa. Alisoma wakati mafundi wanakula. Alisoma jikoni, ugali ukiiva. Ada ya mtihani ilikuwa kubwa kuliko mshahara wake wa mwezi, lakini zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa akina mama wa kupokezana fedha, iliangukia Mei, na wenzake wakadhani amenunua friji.

Mtihani wenyewe ungefanyika nyumbani, kwa kompyuta. Kituo cha kuufanyia ana kwa ana kilikuwa mbali, safari ya ndege. Masharti ya kuufanyia nyumbani yalikuwa makali. Uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa. Kamera inakutazama muda wote, na nyuma ya kamera kuna msimamizi wa mtihani katika nchi nyingine ambaye humwoni. Hakuna kuongea. Hakuna kunyanyuka kabla ya mapumziko. Hakuna mtu mwingine kuingia, hata kwa sekunde.

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumanne moja mwanzoni mwa Julai, shule hazijafungwa na baridi bado ipo. Wivine aliwaambia watu wa kazini kwamba anaumwa tumbo. Watoto walikuwa shuleni, André pia. Binti wa jirani anayewasaidia kufua aliambiwa tu kwamba dada amelala, asisumbuliwe. Mlango wa chumba haukuwa na ufunguo, uliopotea zamani, lakini ulifungika.

Saa mbili akaanza. Kabla saa ya kwanza haijaisha, msimamizi wa mtihani alimwandikia kwenye skrini aache kutikisa midomo. Wivine husoma kwa midomo tangu shule ya msingi. Akaibana kwa meno, akaendelea. Maswali, anasema, yalikuwa yanamjia kama watu anaowafahamu: fundi aliyechelewa, mteja anayebadili mawazo, mvua iliyokuja kabla ya paa. Alikuwa amefika zaidi ya nusu na roho imetulia.

Ndipo akasikia geti.

Kisha sauti. Aliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza. Ilikuwa sauti ya Mama Simone, mama yake André, kutoka mji wa Likasi.

Mama Simone alikuwa amempigia mwanawe simu kwamba atafika jioni. André, aliyekula kiapo cha kutosema, alishindwa kumwambia mama yake asije, kwa kuwa angeulizwa sababu. Akajituliza kwamba jioni ni mbali. Lakini mama alipata gari la asubuhi, akaona heri awahi. Binti wa kufua alipomwambia Wivine amelala, bibi akashtuka: mkwe wake analala saa nne ya asubuhi? Anaumwa nini?

Akafungua mlango.

"Alisimama pale na kikapo ya karanga, na kuku mu mufuko," anakumbuka Wivine. "Ananiangalia. Mi namupa mugongo. Wazia! Mama mukwe yangu anatoka safari, mi niko nakaa, namupa mugongo!"

Katika familia za Kikasai, mkwe hasalimiani na mama mkwe akiwa kwenye kiti. Anasimama, anapokea mizigo kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, anauliza habari za wote waliobaki, anatoa kiti, analeta maji. Wivine anasema hakuamua chochote. Miguu ilisimama yenyewe.

"Moyo wenu, mamu," alisema, salamu ya Kiluba cha Kasai, ya nyumbani kwao, na akapokea kikapu na kuku, mbele ya kamera.

Akampeleka sebuleni. Akampa kiti. Akaenda kuleta maji, tena akachagua bilauri nzuri. Aliporudi chumbani skrini ilikuwa na maandishi mafupi ya kumjulisha kwamba mtihani umesitishwa na kikao kimefungwa.

Wivine alifunga kompyuta. Alirudi sebuleni akaulizia afya ya mjomba wa Likasi. Mama Simone alikaa siku tano, akachekeshwa na wajukuu, akaondoka ana furaha, bila kujua lolote.

"Ile kuku niliipika," anasema Wivine, na hapa huwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Nilikula hata. Ilikuwa tamu! Kisha nilienda kuoga ku douche, nililia."

Kwa wiki tatu hakukigusa kitabu. Kazini aliendelea kama kawaida, ila André anasema nyumbani alikuwa kama redio iliyozimwa. Kurudia mtihani kungegharimu dola nyingine mia tatu, ambazo hawakuwa nazo, na Septemba ilikuwa inakaribia. Mtu wa Kinshasa alianza kumtokea Wivine mawazoni, amevaa viatu vilivyong'aa, ameshika funguo za soko la Kasenga.

Kilichomrudisha ni sura moja ya kitabu kile kile. Alikifungua Jumapili moja bila nia yoyote, akaangukia pale panapozungumzia watu wote ambao mradi unawagusa, hata wasioujua, na wajibu wa kiongozi kuwatafuta na kuongea nao mapema. Sura hiyo alikuwa ameshaisoma. Alikuwa ameshaijibia maswali kadhaa na kuyapata yote.

"Niliisoma tena, nikafunga kitabu," anasema. "Bantu bote ba examen yangu, hakuna hata mumoja alikuwa anajua kama kuko examen. Mi mwenyewe niliharibu. Kisha nilikuwa naogopa balozi, bale banaroga bantu!"

Jumapili iliyofuata alipanda gari la Likasi peke yake.

Alimkuta Mama Simone kibarazani akimenya karanga. Wivine alisalimia kama inavyopasa, akakaa kwenye mkeka, akasema yote: mtihani, mlango, kamera, bilauri ya maji. Mama Simone hakuacha kumenya. Aliendelea mpaka Wivine alipomaliza, na hata baada ya hapo.

"Njo kusema ulikuwa unaniogopa," alisema hatimaye.

"Hapana, mama."

"Muntu anaficha kintu juu anaogopa. Ulizania nitaifanya nini, examen yako? Nitaikula?"

Wivine alitazama maganda ya karanga. Kwa mara ya kwanza aliona jambo ambalo halikuwa limempitia kichwani: kwamba kumficha mtu habari njema ni kumwambia, bila kufungua kinywa, kuwa humwamini. Alimficha mwanamke aliyemlelea mtoto wa kwanza, aliyekesha naye hospitali. Alilia pale pale kwenye mkeka, na anakubali kwamba alilia kwa aibu kuliko kwa mtihani.

Mama Simone alimwacha alie. Kisha akasogeza bakuli la karanga katikati yao ili wamenye wote wawili.

"Siku gani?" aliuliza.

"Bado sijapanga, mama."

"Panga. Na utaniambia mi wa kwanza, mbele ya kuambia hata bwana yako. Ule mulango, mi njo nitaukaa."

Wivine alirudi Bel-Air na kuanza kufanya kitu ambacho mtaa wake haukuwa umewahi kukiona. Alipita mlango kwa mlango akitangaza mtihani ambao hajaufanya.

Alianzia kazini. Madame Joëlle alimsikiliza akiwa amevua miwani.

"Wivine, jana tu nilikuwa nataka kuandikia muntu ya Kinshasa," alisema. "Kwa nini haukusema? Ningekupatia chumba, ningekupatia siku!" Akampa ruhusa ya siku mbili, akamkopesha modemu ya ofisi na betri kubwa ya kazini ili umeme ukikatika, kama ulivyo mtindo wake, kompyuta isizimike. Kuhusu ada, kampuni ilitoa nusu.

Chumba cha ofisini Wivine alikikataa kwa adabu. Malori ya kampuni huegeshwa chini ya dirisha, na madereva hawana saa. Nyumbani, alisema, angalau kelele zote anazijua kwa majina.

Kelele ya kwanza jina lake ni Djuma. Djuma ana karakana ya mageti mkabala na nyumba ya Wivine. Babu yake alitoka Maniema, na ufundi wa chuma wameurithi tangu kwake. Mashine yake ya kukatia chuma inasikika mpaka barabara kuu. Alipoelezwa, alishika kiuno.

"Mama Wivine! Miezi sita uko nasoma pale mbele, mi niko nakupigia kelele? Siku ya kwanza nilikata chuma asubuhi yote! Ungepiga hodi tu, tungefanya nini? Tungepaka rangi!" Akaamuru hapo hapo kwamba siku hiyo karakana itapaka rangi, na brashi, alisema, haijawahi kumsumbua msomi.

Kwaya ya vijana ya kanisa la nyuma ya nyumba ilihamisha mazoezi. Mwenye kinu cha kusaga mahindi alikubali kufungua baada ya saa sita, ingawa alinung'unika kwamba wateja wake hawasagi vyeti. Si wote waliopendezwa. Binamu mmoja wa Wivine alimwambia amejiloga kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba sasa akianguka, ataanguka mbele ya Bel-Air nzima.

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mara ya kwanza alianguka peke yake na akaweza kula kuku. Safari hii hata muuza vocha wa pembeni alikuwa anajua tarehe. Akishindwa, Kasenga inakwenda kwa mwingine, na yeye atapita kila asubuhi katikati ya watu waliozima mashine zao kwa ajili yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Septemba. Mama Simone alifika tangu Ijumaa. Asubuhi alioga, akavaa kitenge chake cha sherehe, akaweka kigoda mbele ya mlango wa chumba, akakaa na kuegemeza mgongo mlangoni. Aliyetaka kupita koridoni alitazamwa mpaka akageuka. André, mwalimu mzima, alinyimwa ruhusa ya kuchukua soksi zake.

Wivine akaanza saa mbili. Midomo aliifunga kwa nguvu. Anasema kilichomshangaza ni ukimya. Miaka kumi na moja ameishi katika nyumba hiyo na hakuwahi kuusikia. Hakukuwa na chuma, hakukuwa na kinu, hakukuwa na muziki wa baa. Mbwa alibweka mara moja na akanyamazishwa na mtu.

Saa tano hivi, akiwa kwenye sehemu ya mwisho, alisikia honi.

Zilikuwa za mbali, nyingi, zimeshikana. Mwenyeji yeyote wa mji huu anajua maana yake siku ya Jumamosi. Ni harusi. Magari kumi au ishirini yakiwa na mapambo, madereva wameegemea honi kutoka nyumbani hadi ofisi ya komini inakoandikishwa ndoa, na mara nyingi kuna pikapu ya wapiga tarumbeta mbele. Hakuna aliyewakumbuka. Wivine alitembelea kila mlango wa mtaa, lakini huwezi kumtembelea bibi harusi usiyemjua.

Honi zikakaribia. Zikaingia kwenye mtaa wao. Wivine alikaza macho kwenye swali, maneno yakawa yanaogelea. Alijiambia, imekwisha. Alifikiria msimamizi asiyeonekana akishika kitufe chake.

Kisha honi zikakatika. Zote, kwa pamoja. Alisikia matairi yakipita polepole juu ya changarawe, gari baada ya gari, na hakuna kingine. Hakuelewa. Hakuwa na nafasi ya kuelewa. Alirudi kwenye swali, akalijibu, akaenda kwenye linalofuata.

Kilichotokea nje alisimuliwa baadaye na watu wasiopungua kumi, kila mmoja akijiweka mbele. Wote wanakubaliana kwamba Djuma alitoka karakanani mbio, aproni ya ngozi kifuani na brashi yenye rangi ya kijani mkononi, akasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono. Pikapu ya tarumbeta ilifunga breki mbele ya magoti yake.

"Harusi yenu iko muzuri, Mungu abariki!" aliwaambia. "Lakini kuko mama moja mu examen, hapa, ile nyumba. Mara ya kwanza balimukatia juu muntu aliingia ku chumba. Mutusaidie. Mupite polepole tu, mbele kule mutapiga mpaka magharibi."

Bwana harusi alitoa kichwa dirishani kutaka kujua kuna nini. Jibu likapita gari hadi gari. Na msafara mzima, pamoja na tarumbeta, ulipita mbele ya geti la Wivine kimya, bibi harusi akipunga mkono kwa nyumba ya mtu asiyemjua. Walipofika kona, honi zililipuka upya, kali kuliko mwanzo.

Wivine alimaliza kabla ya saa sita. Mashine ilimuuliza kama ana hakika. Alibonyeza ndiyo. Ikazunguka, ikazunguka. Halafu neno likatokea kwa Kifaransa, na ilibidi alisome mara mbili, sasa kwa midomo, maana hakuna aliyemkataza tena. Amefaulu.

Alikwenda mlangoni akasukuma. Mlango haukufunguka.

"Rudi!" ilisema sauti ya Mama Simone upande wa pili. "Saa haijafika!"

"Mama, imekwisha."

"Nani amesema?"

"Mashine. Mama, nimepita. Nimefaulu!"

Kigoda kilisikika kikianguka. Mama Simone alifungua mlango, akamshika mkwe wake mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kana kwamba anatafuta uongo usoni mwake. Kisha akageukia barabara na kupiga vigelegele ambavyo alikuwa amevizuia tangu asubuhi. Mtaa uliokuwa umejizuia nao ukajiachia. Djuma aliwasha mashine yake ya kukata bila chuma chochote, kwa furaha tu. Kinu kikaanza kusaga. Mwenye baa alipandisha muziki. Wivine alisimama kwenye geti lake akiwa amefunika masikio na machozi yanamtoka, na anasema hajawahi kupenda kelele kama siku ile.

Jina lake lilikwenda kwa wafadhili kabla Septemba haijaisha. Majibu yamechukua muda mrefu kuliko ilivyoahidiwa. Michoro ilirudishwa, mvua zikapita, bajeti ikapitiwa upya. Mkataba wa Kasenga unatazamiwa kusainiwa mwezi ujao, na hadi sasa hakuna karatasi yenye sahihi. Wivine ameshakwenda huko mara mbili kwa gharama ya kampuni kuongea na wavuvi, na wanawake wanaokausha samaki, na wenye mitumbwi inayovuka kutoka upande wa Zambia. Hakumwuliza yeyote kuhusu ramani. Aliwauliza ni nini kinachoweza kuharibu soko lao. Walimweleza mengi mpaka jua likazama, na mama mmoja, muuza samaki aitwaye Chanda, alimwonyesha mahali ambapo maji ya mto hufika kila mwaka, hatua chache ndani ya kiwanja kilichochorwa. Kiwanja kimeshasogezwa.

Mafundi wa Golf wanajua kila kitu kuhusu Kasenga. Baadhi wameshamwomba wafuatane. Wodi hii ya kina mama itamalizika kwanza, na Madame Joëlle ameahidi kwamba safari hii hatamhamisha kabla ya kukabidhi.

Wakati wa kuagana, mwandishi anamuuliza swali la kawaida la uungwana. Kwa kuwa mkataba bado haujasainiwa, je, angependa makala yasubiri? Au jina lake libadilishwe, na Kasenga isitajwe, isije ikawa?

Wivine anavua kofia ya njano na kujifuta jasho la paji la uso. Nyuma yake fundi wa vyuma, yule wa nondo nyembamba, anapita na mzigo begani na kupunguza mwendo ili asikie jibu.

"Andika," anasema. "Andika jina yangu yote, Wivine Mbuyi, wa Bel-Air, muke ya André, mukwe ya Mama Simone wa Likasi. Andika Kasenga. Andika soko ya samaki, vyumba ine ya frigo. Andika kama bado haijasainiwa."

Na ikikosekana?

"Ikikosa, bantu batakuya kunipa pole. Pole ya bantu mingi." Anacheka, anairudisha kofia kichwani. "Na siku ya kupana mufunguo, uandike tena. Ile siku bote bale batakuya. Djuma ameshaniuliza kama bale ba harusi bataweza kupita kule na tarumbeta yabo."